Mambo ya kuzingatia kabla hujasimamisha turubai la shughuli

Ukimsikia mtu anasema "turubai ni kusimamisha tu", ujue hajawahi kukesha nalo kwenye mvua. Mimi nina maturubai mawili na viti mia, nakodisha huku Temeke, na karibu kila ninachokuambia hapa nimekilipia.

Kabla hujashusha vyuma, tazama juu. Nyaya za umeme, tawi kavu, mnazi wenye nazi: hama. Kisha tazama chini, uliza wenyeji maji ya mvua hupita wapi. Kama turubai litaziba njia ya mtaa, mwone mwenyekiti wa serikali ya mtaa mapema, usingoje lori la mchanga lije likupigie honi saa kumi na mbili asubuhi.

Vigingi. Ardhi ya Dar sehemu nyingi ni mchanga mtupu, na kigingi kifupi kwenye mchanga ni sawa na kijiko kwenye uji. Tafuta vya nondo, virefu, uvigongee vikiwa vimelala kidogo, vichwa vikilikimbia turubai. Ukikipigilia wima, kamba inaking'oa kama jino bovu. Kwenye sakafu ya saruji, ambako hakuna pa kugongea, funga kila nguzo kwenye viroba vya mchanga. Dumu moja la maji ni kilo 20 tu, upepo haulihesabu.

Pazia za pembeni usizifunge ovyo. Upepo ukiingia upande mmoja ukakosa pa kutokea, hilo si turubai tena, ni tanga. Msimu wa kusi nimeona vyuma vikinyanyuka na watu wamevishikilia. Ukiona upepo unazidi, watoe watu kwanza. Vyuma vinanunuliwa.

Sasa kamba, na hapa nisikilize vizuri. Kamba ya katani ikilowa hujikaza, kwa hiyo ilegeze kidogo isije ikang'oa vigingi. Ya nailoni ikilowa hurefuka. Ulivyoikaza jioni sivyo utakavyoikuta usiku wa mvua.

Hilo nililijua kwenye arobaini ya baba yangu mdogo, mwezi Novemba, vuli imeanza. Kwa wateja huwa namwacha kijana alale na turubai. Siku hiyo nikajisemea hii ni shughuli ya nyumbani, nani atanidai? Nikakaza kamba za nailoni magharibi, nikala, nikalala. Mvua ikaanza usiku wa manane. Kamba zikalegea, paa likalegea nalo, maji yakapata pa kukaa. Alfajiri nikakuta turubai limeota tumbo katikati kama mama wa miezi tisa.

Piga hesabu kidogo. Mita moja ya mraba yenye maji ya kina cha sentimita 10 ni lita 100, yaani kilo 100. Tumbo langu lilikuwa kama mita mbili za mraba. Mifuko minne ya saruji inaning'inia juu ya vichwa vya watu! Na chini yake mashangazi walikuwa wameshaipua pilau, wameiingiza ndani isinyeshewe.

Mpwa wangu akachukua mpini wa jembe. "Mjomba, hili nalimaliza mara moja." Kabla sijafumbua mdomo ameshalidunga katikati. Mpini ukatokea upande wa pili, maji yakashuka yote, nguzo mbili zikapinda na sufuria ikageuka bwawa. Namshukuru Mungu hakuumia mtu. Mashangazi hawakunisemesha mpaka alasiri, na wageni walikula mkate na chai.

Basi fanya hivi. Paa liwe na mteremko tangu mwanzo, na upande mmoja uwe chini zaidi ili maji yajue njia. Weka mtu wa kuamka usiku kukaza nailoni, naye umtaje kwa jina mbele za watu, maana kazi ya wote haina mwenyewe. Maji yakishatuama, ondoa watu na vyombo, kisha anzia ukingoni: sukuma kwa viganja, au kwa ufagio uliozungushiwa kitambaa, kidogo kidogo kuelekea nje. Ncha ya mti usiiguse kabisa. Na usiyangoje yajae. Yakifika sinia moja, yatoe.

Kulikunja: likauke kwanza. Hata kama mteja mwingine anakusubiri. Ukilikunja bichi, baada ya siku chache linanuka na kuota ukungu, na madoa yake hayatoki. Likioshwa, sabuni laini na brashi laini. Jiki usitie, inapausha rangi na kuchosha nyuzi za mshono. Lihifadhi juu ya chaga, mbali na panya, maana panya hula turubai lililomwagikiwa mchuzi kuliko anavyokula lililo safi.

Mengine ni ya kawaida lakini nayasema. Jiko la kuni lisikae chini ya turubai hata dakika tano. Viungio vya waya za taa visilale kwenye majani mabichi. Watoto wasibembee kwenye kamba. Zifunge vitambaa vyeupe, usiku watu wanajikwaa, hasa wazee na wanaotoka kunywa. Bodaboda waegeshe mbali na vigingi. Na vihesabu vigingi wakati wa kung'oa, palepale, kabla vijana hawajapanda kwenye guta, kwa sababu kitakachobaki kwenye mchanga atakikuta mtoto anayecheza mpira pekupeku kesho yake.