Kusimamisha simulesheni ya OpenFOAM kabla ya muda wake bila kupoteza data

Unatumia OpenFOAM, programu ya kukokotoa mitiririko ya maji na hewa. Umeweka endTime (muda wa kumalizia) kubwa, solva (programu inayopiga hesabu) inakimbia tangu jana, ukicheki grafu unaona mtiririko ulishatulia kitambo. Wengi hapo wanabonyeza Ctrl+C au wanapiga kill -9. Jamani msifanye hivyo, solva inakatika palepale na hesabu zote zilizopigwa tangu ilipoandika kwenye diski mara ya mwisho zinapotea, na kama ulikuwa unaandika mara chache ili kubana nafasi basi umepoteza kazi ya masaa.

Hatua ya 1: hakikisha kweli imetulia. Residuo (makosa yaliyobaki kwenye milinganyo) kushuka hakutoshi, kwenye simulesheni inayobadilika na muda residuo zinakwambia tu kwamba kila hatua ya muda imetatuliwa vizuri. Angalia kitu unachokitafuta chenyewe. Mfano mtiririko unaopita silinda kwenye namba ya Reynolds 100 (uwiano wa nguvu za mwendo na za mnato): koefishienti ya msukumo wa pembeni inaanza karibu na sifuri, inakaa hapo muda tu kama vile hakuna kitu, halafu inaanza kuyumba, mawimbi yanakua mpaka vilele vinalingana. Ukisimamisha pale mwanzoni ilipotulia utadhani umepata jibu na hujapata. Subiri vilele vilingane, kisha acha mizunguko kadhaa ipite ndio uchukue wastani.

Hatua ya 2: fungua system/controlDict (faili la mipangilio ya kukimbiza kesi), hakikisha kuna runTimeModifiable yes, hii ndiyo inafanya solva isome upya faili hilo ikiwa inakimbia. Iweke kabla hujaanza.

Hatua ya 3: badilisha stopAt endTime, iwe moja ya hizi:

stopAt writeNow, inamalizia hatua ya muda iliyopo, inaandika, inasimama.
stopAt nextWrite, inasubiri muda wa kuandika uliopangwa ndio isimame. Mimi naipenda hii kama sina haraka, folda zinabaki na namba safi, sio 0.34718 katikati ya 0.3 na 0.4, na ukija kutengeneza video utashukuru.
stopAt noWriteNow, inasimama bila kuandika, ya kesi iliyoharibika tu.

Sevu, halafu fuatilia log (maandishi ya solva) kwa tail -f, inayoonyesha mistari mipya ikiandikwa. Solva haisimami sekunde hiyohiyo, mpaka imalize hatua iliyopo, kwa hiyo kwenye meshi (gridi ya hesabu) kubwa tulia. Hutaki kufungua edita? Piga hii:

foamDictionary -entry stopAt -set writeNow system/controlDict

Kama unakimbiza sambamba (kwa prosesa kadhaa), faili la kubadilisha ni lilelile la system kwenye folda kuu ya kesi, achana na folda za processor. Ikishasimama piga reconstructPar -latestTime, inaunganisha matokeo ya folda hizo.

Hatua ya 4, na hii ndiyo inasahaulika sana: rudisha stopAt endTime, na uweke startFrom latestTime (ianze pale ilipoishia), kabla ya kuendelea. Ukiacha writeNow, utaiwasha tena, itapiga hatua moja tu, itaandika na kusimama bila kulalamika kosa lolote, utabaki unatafuta tatizo kwenye meshi wakati lipo kwenye mstari mmoja wa controlDict.