Tetemeko likishapita, mtaa wenu uanzie wapi

Jamani, tarehe 17 Julai 2007 jioni kama saa kumi na moja nilikuwa Sakina hapa Arusha, vikombe vikaanza kugongana kabatini, tukatoka mbio, barabara imejaa watu wako peku na watoto mgongoni. Lile tetemeko lilikuwa la ukubwa wa 5.9, lilitokea mlima Gelai karibu na Ziwa Natron, madogo yakaendelea kwa wiki kadhaa na mwezi wa 9 Oldoinyo Lengai ikalipuka. Hapa mjini hatukuumia sana. Sasa Septemba 10, 2016 Kagera wakapigwa na la 5.9, ukubwa uleule, watu zaidi ya 15 wakafa na nyumba maelfu zikaanguka au kupasuka. Tofauti ni kwamba Gelai ni pori, kule Kagera lilipiga penye makazi. Na sisi Arusha na Moshi tuko kwenye eneo la Bonde la Ufa, kwa hiyo naandika haya mambo kabla hayajahitajika.

Cha kwanza kabisa ni daftari. Sio turubai, sio michango, daftari. Mkishatoka nje, mjumbe au mtu yeyote anayejua kaya za pale apite nyumba kwa nyumba aandike nani yupo, nani hayupo, na asiyeonekana mara ya mwisho alikuwa wapi. Hapa ndio watu tunakosea, kila mtu anahesabu wanae na kukaa, kumbe mpangaji wa chumba cha uani alikuwa amelala maana anafanya kazi usiku na hakuna anayejua hata jina lake zaidi ya baba fulani. Waandikeni wapangaji, madada wa kazi, bibi anayeishi peke yake, na mama mjamzito mweke alama pembeni. Mkihisi mtu yuko chini ya kifusi, piga 114 Zimamoto, halafu nyamazeni wote, zima boda, mmoja agonge bomba au bati mara tatu msikilize. Kama miguu yake imebanwa na zege kwa masaa, msimvute kwa pupa, mpeni moyo, mfunikeni, subirini waokoaji na daktari, kwa sababu ukiondoa uzito ghafla anaweza kufa mikononi mwenu.

Wakati huo mwingine afunge mitungi ya gesi na azime meni swichi. Ukisikia harufu ya gesi usiwashe kiberiti wala taa, toka tu.

Usirudi ndani kuchukua godoro. Najua baridi ya hapa mwezi wa saba na najua mvua za masika zikoje, lakini tetemeko huwa haliji peke yake, yanafuata mengine madogo kwa siku au wiki na hayo ndio yanaangusha ukuta ambao lile la kwanza liliulegeza. Subiri mchana, zunguka nyumba kwa nje kwanza. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta hazinitishi. Zinazonitisha ni zile zinazoanzia kona ya dirisha au mlango zikipanda mshazari, na fundi mmoja alinifundisha kipimo chake, kwamba kama sarafu ya mia inaingia kwa ubavu na ufa unaonekana pande zote mbili za ukuta, humo halali mtu. Angalia pia kama ukuta umeachana na nguzo, kama mlango uliokuwa unafunga vizuri sasa unakwama, na ule ukuta wa pembe tatu chini ya paa ambao mara nyingi umesimama tu bila kushikwa na chochote. Halafu tanki la maji, wengi tumeliweka juu ya kamnara ka matofali, lita elfu moja ni tani nzima ile, kamnara kakipasuka fungulia maji yatoke wewe ukiwa mbali nako, na watoto wasikaribie kabisa.

Kulala nje chagueni uwanja wa shule au wa kanisa au msikiti, mbali na kuta za fensi na nguzo za umeme. Wenye vihamba (mashamba ya nyumbani) huko mlimani Kibosho na Marangu, msilale chini ya kingo za mteremko hata kama pamekingwa na upepo, ardhi iliyotikiswa ikipata mvua inaporomoka. Na naomba hili mlisikie vizuri, MSIINGIZE jiko la mkaa ndani ya turubai wala ndani ya gari, hewa yake haina harufu, familia nzima inalala haiamki. Wazee na watoto walale katikati, wabanane, blanketi mbili kwa pamoja.

Maji ya bomba yachukulieni kama machafu hata yakitoka meupe maana mabomba yakipasuka yanavuta uchafu wa mitaro. Chemsha mpaka yatokote kabisa dakika moja, huko juu zaidi mlimani ziwe tatu. Choo kikianguka chimbeni kingine mapema, angalau hatua 40 kutoka kisima au mfereji, na kiwe upande wa chini wa mteremko, sio juu.

Simu tumeni meseji badala ya kupiga, mtandao unajaa na meseji inapenya. Mmoja wenu tu ndio awe anaongea na mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, mkienda kumi kila mmoja na hesabu yake mnachanganya watu.

Michango ikija iandikwe kwenye lile lile daftari, kilichoingia na aliyepokea, isomwe kwa sauti kila jioni watu wakiwepo. Niliona kwenye kikundi chetu kimoja mambo yalivyoharibika kwa sababu ya mifuko michache ya unga tu, ndugu wakaacha kusalimiana.

Na watoto wakiogopa kulala msiwaambie wewe mkubwa acha kulia, wakae na mtu wanayemjua, wapewe kazi ndogo kama kuchota maji au kuangalia wadogo.

Ukianza kukarabati, fundi akikwambia tutapiga plasta tu juu ya ufa mkatalie, abandue kwanza muone, na kama nyumba haina lenta, yaani mkanda wa zege, inayozunguka kuta zote na nondo ndani yake, hela ya kwanza ukiipata iende hapo kabla ya rangi na kabla ya bati jipya.