Mtihani wa NAB wa leseni ya kuendesha nasingi homu Marekani: naandika mara moja, msiniulize tena

Wiki haipiti bila meseji ya "dada, nasikia ulipita ule mtihani wa wazee, nitumie notisi." Notisi zangu ni za mkono, zimeandikwa usiku wa zamu, mwandiko ambao hata mimi sasa nausoma kwa kubahatisha. Hazitumwi. Kilichomo ndani yake ni hiki hapa.

NAB ni umoja wa kitaifa wa bodi zinazotoa leseni hizi. Somo hili linamhusu anayetafuta leseni ya msimamizi wa nasingi homu. Halimhusu anayesomea CNA (msaidizi wa nesi), wala anayetaka kufungua ile nyumba ya wazee sita kule jimbo la Washington. Huyo ana njia yake na mtihani huu haumo.

Hatua ya 1. Soma masharti ya bodi ya jimbo lako, si la binamu yako. Texas na California kwa kawaida wanataka saa 1,000 za mafunzo kazini chini ya msimamizi mwenye leseni, ile AIT. Kwingine hesabu ni nyingine.

Hatua ya 2. Kama digrii ni ya nyumbani, ipeleke ikatathminiwe mapema. Chuo ndicho kinachotuma matokeo yako moja kwa moja, na ofisi ya msajili kule nyumbani haina haraka na shida yako. Tafuta ndugu aliye karibu na chuo, mwenye miguu na subira.

Hatua ya 3. Jaza maombi kwenye tovuti ya NAB, lipa, subiri bodi ikuidhinishe, chagua tarehe.

Hatua ya 4. Jina la usajili lifanane herufi kwa herufi na la kitambulisho utakachobeba. Sisi wa majina matatu tunaumia hapa: pasipoti inasema hivi, leseni ya gari imekata la katikati, kadi ya kazini imelitanguliza la baba. Rekebisha kabla ya kulipa.

Hatua ya 5. Jua unachokwenda kufanya. Mitihani ni miwili. Wa kwanza ni Core, wenye maswali 110, ambapo 100 yanahesabiwa na 10 ni ya majaribio (hutajua ni yapi). Wa pili ni wa aina ya huduma. Kwetu ni NHA, yaani wa wasimamizi wa nasingi homu, maswali 60, yanayohesabiwa 50. Core inapima mambo ya kila msimamizi: ajira, fedha, usalama, uongozi. NHA inaingia kwenye sheria za nasingi homu zenyewe. Alama ya kupita ni 113. Hiyo si asilimia, na wala si idadi ya maswali uliyopata. Ni kipimo kilichopangwa ili karatasi ngumu na karatasi rahisi zilingane. Mengi ya majimbo yana mtihani wao wa sheria za jimbo pembeni. Usichanganye.

Hatua ya 6. Soma sheria yenyewe. Vitabu vya maandalizi vinasaidia, lakini maswali yanatoka kwenye 42 CFR sehemu ya 483 (kanuni za shirikisho za nasingi homu) na mwongozo wa wakaguzi, Appendix PP. Vyote ni bure mtandaoni. Ukipewa kitabu cha kurithi kinachofundisha RUG-IV kama mfumo wa malipo ya Medicare (bima ya serikali ya wazee), kitumie kuegeshea mlango. PDPM ilichukua nafasi hiyo tarehe 1 Oktoba 2019.

Namba ni nyingi, na ukizikariri kama orodha zitakutoka mlangoni. Mimi nilibuni mzee mmoja, nikampa chumba 12, nikamfuata tangu siku anayoletwa na ambulensi akiwa amevunjika nyonga.

Je, Medicare itamlipia? Alale hospitali siku 3 mfululizo akiwa amelazwa rasmi. Siku za kuwekwa "chini ya uangalizi" hazihesabiki, hata kama alilala kitanda kilekile na kula chakula kilekile. Siku 20 za kwanza Medicare inalipa zote, kuanzia ya 21 hadi ya 100 anachangia, baada ya hapo ni mfuko wake au Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo). Ndani ya saa 48 awe na mpango wa awali wa huduma. Tathmini kamili ya MDS (fomu ya kupima hali na mahitaji ya mkazi) ikamilike kufikia siku ya 14, na mpango kamili wa huduma ndani ya siku 7 baada ya tathmini hiyo. Daktari amwone angalau kila siku 30 kwa siku 90 za mwanzo, kisha kila siku 60. Mfamasia apitie dawa zake kila mwezi. Akiandikiwa dawa ya akili ya kupewa "akihitaji", mwisho siku 14 isipokuwa daktari aandike sababu. Kati ya chakula cha jioni na cha asubuhi zisizidi saa 14. Zinaweza kufika 16 akipewa kitafunwa cha kushibisha usiku na kundi la wakazi likakubali. Chumba chake kiwe kati ya nyuzi 71 na 81 za Fahrenheit. Mkitaka kumhamisha, notisi ya siku 30, na nakala kwa ombudsman (mtetezi wa wakazi). Akifariki, pesa zake mlizomtunzia zikabidhiwe pamoja na hesabu yake ndani ya siku 30.

Mpaka leo nikiulizwa kuhusu dawa ya "akihitaji", kwanza namwona yule mzee.

Hatua ya 7. Hapa someni polepole, kwa sababu ndipo jaribio langu la kwanza lilipozama, na ndipo linapozama la wengi wetu tulioanzia kwenye kuhudumia wazee kwa mikono. Tumeogesha, tumegeuza, tumepima presha miaka. Tukiona swali, mkono unakimbilia kazi tunayoijua. Mtihani haumuulizi nesi. Unamuuliza msimamizi, mtu ambaye leseni yake inaning'inia ukutani.

Chukua swali la namna hii (nimelitunga mwenyewe): CNA wa asubuhi anakuta michubuko ya vidole mkononi mwa bibi. Bibi anasema, "yule wa usiku alinivuta." Unafanya nini kwanza? Majibu: kuukagua mkono, kuitisha kikao na wafanyakazi wa usiku, kumwondoa yule wa usiku kwenye kuhudumia wakazi na kutoa taarifa, kukamilisha uchunguzi ndipo utoe taarifa. Nesi ndani yako atakimbilia mkono. Mtu wa haki ndani yako atataka kikao. Yule mwoga atachagua la mwisho, maana linasikika la busara. Jibu ni la tatu: mkazi awe salama, taarifa iende mara moja, isizidi saa 2 kwa tuhuma ya unyanyasaji. Uchunguzi unaendelea, na matokeo yake yanakwenda jimboni ndani ya siku 5 za kazi.

Onyo: usijibu kwa desturi ya nasingi homu yako. Kama kwenu mambo hupitia kwa mkuu wa wauguzi halafu yanalala hadi Jumatatu, hiyo ni desturi, na pengine ni kosa linalosubiri wakaguzi.

Onyo la pili: usijibu kwa sheria ya jimbo lako. Jimbo linaweza kudai wafanyakazi wengi zaidi kuliko shirikisho. NAB inauliza ya shirikisho: nesi mwenye leseni saa 24, RN (nesi aliyesajiliwa) saa 8 mfululizo kila siku, siku 7. Mkuu wa wauguzi anaruhusiwa kushika pia zamu ya nesi msimamizi pale tu wastani wa wakazi ni 60 au pungufu. Ofisa ustawi wa jamii wa muda wote ni lazima vitanda vikizidi 120.

Onyo la tatu: neno "kwanza" na neno "bora" kwenye swali hayaulizi kitu kimoja. "Kwanza" mara nyingi ni usalama wa mkazi. "Bora" mara nyingi ni mfumo: mafunzo, sera, kamati ya ubora.

Hatua ya 8. Hesabu usiziogope, ni za darasa la saba. Saa 312 za uuguzi kwa siku, wakazi 96: ni 3.25 kwa mkazi. Nafasi moja isiyolala ni saa 168 kwa wiki. Gawa kwa 40, unahitaji watu 4.2 kuijaza, na bado hujaweka likizo.

Hatua ya 9. Siku yenyewe fika mapema, kula, acha simu kwenye gari.

Maswali

Kaka_Mpya: Asante sana dada. Una PDF ya maswali yaliyotoka mwaka huu?

Mwandishi: Sina, na sitafuti. Kabla ya kuanza mtihani unakubali kutoyatoa maswali nje. Anayekuuzia "yaliyotoka" anakuuzia kesi, au anakuuzia uongo. Mara nyingi vyote viwili.

Mwanafunzi_TX: Kupita ni asilimia ngapi?

Mwandishi: Hatua ya 5.

Mwanafunzi_TX: Nimeona 113 lakini haiwezi kuwa asilimia

Mwandishi: Ndiyo maana nimeandika si asilimia.

Mkesha_Minneapolis: Dada, shikamoo. Ile ya bibi mwenye michubuko imeniweka macho zamu nzima. Kama yule wa usiku hana kosa, na bibi ana usahaulifu, si tumemharibia mtu jina kabla ya kumsikiliza?

Mwandishi: Marahaba mdogo wangu. Umeuliza swali ambalo watu huliogopa. Kumwondoa kwenye huduma si hukumu, ni kuzuia madhara wakati ukweli unatafutwa. Anasikilizwa, anaandika maelezo yake, mashahidi wanaandika yao. Tuhuma isipothibitika anarudi kazini, na faili linaonyesha haikuthibitika. Usahaulifu wa bibi haukuruhusu kuipuuza tuhuma. Ungeruhusu, kila mwenye usahaulifu angekuwa hana ulinzi, na hao ndio wengi wa wakazi wetu. Kumbuka pia tofauti ya saa: tuhuma ya unyanyasaji, au tukio lenye jeraha kubwa la mwili, saa 2. Tukio lisilo na hayo mawili, kwa mfano pesa za mkazi zimetoweka, saa 24. Watunga mtihani wanaipenda hiyo tofauti.

Mkesha_Minneapolis: Sasa nimeelewa. Na mimi nikitaka asisted livingi (makazi ya wazee wasiohitaji uuguzi mwingi) badala ya nasingi homu?

Mwandishi: Basi Core ni ileile, ila mtihani wa pili unakuwa RCAL. Uzuri ni kwamba ukishapita Core huirudii ukitaka kuongeza NHA baadaye. Kwenu Minnesota, tangu 1 Agosti 2021 asisted livingi zinahitaji leseni, na mkurugenzi wake naye ana leseni yake. Waulize bodi yenu wanataka mtihani upi hasa kabla ya kulipa chochote.

Mzalendo254: Mbona kila mfano ni Texas? Sisi wa Massachusetts hatuna haki?

Mwandishi: Texas imetajwa hatua moja, pamoja na California. Hatua hiyohiyo inakuambia usome bodi ya jimbo lako.

BabaWawili: Mwalimu wetu wa mafunzo anatufundisha saa 3.48 za uuguzi kwa kila mkazi kwa siku. Wewe umeandika RN saa 8. Nani mkweli?

Mwandishi: Mwalimu wako hakuitunga. CMS, ofisi ya serikali inayosimamia Medicare na Medicaid, ilitoa kanuni hiyo Aprili 2024, pamoja na RN saa 24. Nasingi homu zikaenda mahakamani, na Aprili 2025 jaji wa shirikisho huko Texas akaitengua. Soma kwa ile ya zamani, saa 8 mfululizo, siku 7. Ile 3.25 yangu kwenye hatua ya 8 ni zoezi la kugawanya tu, usije ukaikariri.

Kaka_Mpya: Naweza kusoma wiki mbili nikapita? Nina kazi mbili

Mwandishi: Sijui. Wewe ndiye unayejua unaanzia wapi. Jibu kwanza maswali ya mazoezi 50 bila kufungua kitabu, utajijibu.

Bi_Mkubwa_Dallas: Mwanangu, mimi ni wa umri, kusoma kwa macho kunanichosha. Nilijirekodi kwa simu nikisoma kila kanuni kwa Kiswahili, halafu jibu lake kwa Kiingereza, nikawa nasikiliza nikiendesha gari. Ya moto niliipanga hivi: okoa mtu, piga kengele, funga milango, zima au ondoka. Nikiingia kwenye mtihani naigeuza tu.

Mwandishi: Asante mama, hii ni bora kuliko notisi zangu. Nyongeza kwenye moto: zoezi la moto ni kila zamu, kila robo mwaka. Zamu tatu, mazoezi 12 kwa mwaka. Mkifanya yote asubuhi kwa sababu ndipo mkubwa yupo, mmevunja kanuni.

Mkesha_Minneapolis: Na jenereta?

Mwandishi: Kila mwezi, ikibeba mzigo, dakika 30.

BabaWawili: Kwenye OSHA, zile kanuni za usalama kazini, wanauliza nini hasa? Kurasa zimenishinda.

Mwandishi: Chanjo ya homa ya ini B apewe nafasi ya kuipata bure mfanyakazi anayegusa damu, ndani ya siku 10 za kazi tangu apangiwe kazi hiyo, akikataa, asaini kwamba amekataa. Mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazini, taarifa ndani ya saa 8. Akilazwa hospitali, ndani ya saa 24. Fomu 300A (muhtasari wa mwaka wa majeraha na magonjwa ya kazini) inabandikwa kuanzia 1 Februari hadi 30 Aprili.

Kaka_Mpya: Inabandikwa wapi, ofisini kwa msimamizi?

Mwandishi: Wanapopita wafanyakazi. Kwetu iko juu ya mashine ya kugonga kadi.