Mtego wa kikombe wa kunasa wadudu wa ardhini

Kama unataka kujua nani anatembea chini usiku hapo nje kwako, yaani buibui, mbawakavu, jongoo, tandu, sisimizi, huhitaji vifaa vya maabara, vikombe vya plastiki na kitu cha kuchimbia vinatosha: unachimba shimo, unafukia kikombe mdomo ukiwa wazi juu, mdudu akipita anatumbukia.

Pachika vikombe viwili kimoja ndani ya kingine, cha nje kinabaki shimoni kuzuia udongo usiporomoke, cha ndani ndo unakitoa kila ukienda kukagua. Toboa vitundu vidogo chini ya vyote viwili ili maji ya mvua yapite.

Sasa hapa kwenye kufukia ndo wengi wanaharibu. Mdomo wa kikombe lazima uwe sawasawa na ardhi, ukiacha hata ukingo kidogo umejitokeza mdudu akifika anaugusa, anazunguka, anaenda zake, na wewe asubuhi unakuta kikombe kitupu unadhani hapo hamna kitu. Mi nilipoteza wiki nzima hivyo. Shindilia udongo pembeni alafu pitisha kidole toka nje kuelekea ndani, kikikwama popote rudia.

Juu weka kipande cha ubao kwenye vijiwe vitatu, uache nafasi ya sm 2 au 3 wadudu wapite. Ndani tia majani makavu machache wapate pa kujificha, maana buibui na tandu wanakula wenzao na ukichelewa unakuta miguu tu. Kagua kila asubuhi kabla jua halijawa kali, mwagia kwenye sahani nyeupe, na tafadhali usitie mkono ndani, tandu anauma na nge naye anaweza kuwemo.

Mtego mmoja haukwambii kitu, weka hata kumi, umbali wa mita 5 hivi, kila mmoja na namba yake na daftari la tarehe. Siku za kwanza udongo uliochimbuliwa unaweza kuongeza wanaonaswa, kwa iyo vifunike siku kadhaa ndo ufungue. Na ukihesabu kumbuka mtego unanasa anayetembea sana, mdudu mvivu anaweza kuwa tele hapo hapo na usimpate hata mmoja.

Ukimaliza achia uliowahesabu, ng'oa vikombe vyote ufukie mashimo, kikombe kilichosahaulika kinaendelea kuua kila usiku na hakuna anayekuja kuwatoa.