Maswali ya kujiuliza kabla hujafungua biashara au tawi la pili, kutoka kwa muuza mtori wa Moshi

Mi nauza mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, asubuhi hapa Moshi, huu mwaka wa saba, na niliwahi kufungua tawi Arusha likafa ndani ya miezi minne, kwa hiyo haya sijayatoa kwenye semina. Chukua daftari na kalamu manake kila swali hapa linajibiwa kwa namba, jibu la "naamini itatoka" usiandike.

Hatua ya 1: Nani atanunua, na ni wangapi?

Usianze na dalali. Dalali atakwambia "dada wahi, kuna mtu anakuja na hela saa nane", huyo mtu miaka yote anakuja saa nane na sijawahi kumuona akifika. Kabla hujatoa kodi ya fremu ya miezi sita nenda kaa pale mwenyewe. Mi nilijaza maharage mfuko wa kulia, kila mtu anayekaa kula kwenye vibanda vya jirani nahamishia punje moja mfuko wa kushoto, nikifika nyumbani nahesabu. Wanaopita tu sihesabu, nahesabu anayetoa hela, manake barabara inaweza kujaa watu na wewe usiuze, mtu anayekimbilia basi la saa kumi na mbili mtori wa moto atauweka wapi? Fanya siku tatu, siku ya kawaida, Jumamosi, na siku ya mvua.

Alafu ongea nao, ila usiwaulize "nikifungua hapa mtakuja?" Sisi hatujui kumkatalia mtu usoni, watakwambia "tutakuja mama, Mungu akutangulie" na hutawaona. Uliza "jana asubuhi ulikula nini, wapi, shilingi ngapi?" Mi ndo nikagundua wateja wangu ni mafundi, makonda na wamama wanaoshusha ndizi, watu walioamka saa tisa usiku na hawajatia kitu tumboni.

Hatua ya 2: Bakuli moja linanigharimu shilingi ngapi?

Hapa kaa sana, hapa ndo wengi tunafia. Tuseme mkungu wa ndizi mshare 15,000, nyama kilo tatu 30,000, mkaa 6,000, maziwa, vitunguu na vikorokoro vingine 9,000. Jumla 60,000 na unapata bakuli 50 za 2,000, yaani laki moja. Unasema nimepata 40,000! Ngoja kwanza. Binti wa kukusaidia 7,000 kwa siku, kodi ya 150,000 kwa mwezi ukigawa kwa siku 26 za kazi ni kama 5,800, maji na umeme 2,000, na wewe mwenyewe 10,000, ndiyo, wewe unalipwa, usipojilipa utakuwa unachomoa kwenye droo kidogo kidogo, leo nauli ya mtoto, kesho mchango wa harusi, na mtaji unaisha hujui umeenda wapi. Hizo zote ni 24,800. Jumla ya siku ni 84,800.

Sasa gawa kwa 2,000, unapata 42 na kitu. Maana yake ukipika bakuli 50 ukauza 42, umeamka saa kumi alfajiri, umemenya ndizi mpaka vidole vimekuwa vyeusi, na umepata hasara ya 800. Ukiuza 45 unabaki na 5,200. Namba yangu mi naiandika kwa chaki nyuma ya mlango, 43, na kila siku najua saa ngapi nimeivuka. We tafuta ya kwako, hata kama unauza mitumba soko la Memorial au spea za pikipiki hesabu ni hiyo hiyo.

Na deni siyo mauzo. Konda aliyekula akasema nitalipa jioni hajanunua mpaka alipe, muandike ukurasa wake peke yake.

Hatua ya 3: Miezi mibaya nitaishije?

Moshi mwezi wa kumi na mbili usikudanganye, Wachaga wote wamerudi nyumbani, mji umejaa, unauza mpaka unaishiwa. Mtu anayefungua Desemba anaona ametoboa, ikija Januari watu wamelipa ada na mifuko imekauka. Kwaresima wateja wangu Wakatoliki Ijumaa hawagusi nyama, Ramadhani wateja wa asubuhi wanapungua sana, na kila mwaka inawahi kwa siku kama 11 kwa hiyo lazima uangalie kalenda, kisha masika ya Aprili, tope. Anayetegemea watalii Arusha na yeye masika ndo msimu wake mbovu. Andika miezi 12, weka alama kwenye mibaya, hela ya kodi ya hiyo miezi itoke kwenye Desemba.

Hatua ya 4: Karatasi

Fupi hii. TIN, namba ya mlipakodi ya TRA, ni bure, usimpe mtu hela akutafutie. Leseni ni halmashauri, jina la biashara unasajili BRELA kwa mtandao, chakula muone bwana afya, na wewe na msaidizi wako mkapime afya. Ukikadiriwa kodi kwa mauzo na huna daftari utabaki kubishana kwa mdomo.

Hatua ya 5: Ninapanuka kwa sababu gani?

Hili sikujiuliza. Niliona foleni Moshi nikasema sasa Arusha, kilomita 80 tu, nikachukua fremu maeneo ya soko la Kilombero, nikalipa miezi sita, nikamuweka binamu yangu. Swali lilikuwa: hii foleni inafuata mtori au inanifuata mimi? Manake Moshi najua nani hali kitunguu, nani mke wake kajifungua, nani leo hana hela nimkopeshe. Kule binamu hakujua mtu, ndizi zilikuwa zinatoka Moshi na nauli juu, na wateja wa pale asubuhi walitaka chai na chapati. Ningebeba maharage yangu siku tatu ningeyaona yote hayo. Kabla ya tawi jaribu hivi: ondoka wiki mbili, nenda hata msibani kijijini, ukirudi angalia daftari. Kama mauzo yameshuka sana, huna biashara ya kuhamisha bado.

Swali la pili, kuna nini ninacholipia na hakifanyi kazi? Jiko langu lilikuwa linalala kuanzia saa nne asubuhi na kodi nalipa ya siku nzima. Nikaanza machalari, ndizi za kupika na nyama, ya mchana, nyingine natuma maofisini kwa bodaboda, fremu ile ile, binti yule yule kwa nyongeza kidogo. Hiyo imenilipa kuliko Arusha yote.

Hatua ya 6: Mkopo unarudi kwa mwendo gani?

Rudi kwenye ile 5,200. Mara siku sita ni 31,200 kwa wiki. Sasa kausha damu, yule mkopeshaji wa riba kubwa, akikwambia marejesho 40,000 kila wiki, hizo 8,800 zitatoka wapi kama siyo kwenye ndizi za kesho? Kuna mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2, haina riba ila kwa wanawake na vijana ni ya vikundi, na hapo jiulize ukiwa na wenzako wanne nani atakimbia.

Sa hivi kuna fremu naitazama Majengo. Jana nimehesabu punje 19 tu, leo 26, na dalali ameshanipigia mara tatu, kuna mtu anakuja na hela saa nane. Jumamosi narudi na maharage yangu, nasubiri na mvua.