Somo: Kupima afya ya meno ya watu wazima wa eneo zima

Wastani wa meno mabovu ni rahisi kuupata na ni rahisi kukupotosha. Fuata hatua hizi kwa utaratibu.

Hatua ya 1: Chagua watu. Shirika la Afya Duniani (WHO) hupendekeza makundi mawili ya watu wazima: miaka 35–44 na 65–74. Usiwapime waliokuja kliniki, kwa kuwa wengi wao wameletwa na maumivu. Wafuate majumbani, kwa kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu.

Hatua ya 2: Wapimaji waelewane. Wote wakague vinywa vilevile, kisha mlinganishe majibu kwa kipimo cha kapa, yaani namba inayoonyesha wapimaji wanakubaliana kiasi gani zaidi ya bahati tu. Ikizidi 0.8, mmepatana vizuri. Kazi ikiendelea, rudieni kupima asilimia 5–10 ya watu.

Hatua ya 3: Hesabu meno. Tangu 1938 hutumika jumla ya meno yaliyooza, yaliyopotea na yaliyozibwa. Mpimaji huanza juu kulia, akitaja namba ya jino na hali yake: "Thelathini na sita, mbili." Karani anarudia kwa sauti ndipo anaandika. Tarakimu ya kwanza ni robo ya kinywa, ya pili ni jino kuhesabu toka katikati: hapo 36 ni gego la kwanza la chini kushoto, na 2 maana yake limezibwa lakini limeoza tena. Jino hilo huingia kwenye yaliyooza. Msiruke huku kurudia. Namba ikikosewa hapa, hakuna atakayeigundua baadaye.

Hatua ya 4: Fizi. Tumia kipimo chenye ncha ya mviringo ya milimita 0.5, kwa mkono mwepesi. Andika penye damu na kina cha mfuko wa fizi, yaani nafasi kati ya fizi na jino: milimita 4–5, au 6 na zaidi.

Hatua ya 5: Tenganisha. Tuseme vijiji viwili vina wastani wa meno 8 kwa kila mtu katika jumla ya Hatua ya 3. Cha kwanza: 1 limeoza, 1 limepotea, 6 yamezibwa. Cha pili: 5 yameoza, 3 yamepotea, hakuna lililozibwa. Cha pili kina watu wanaoumwa sasa hivi na hawajafikiwa na tabibu. Ukiripoti 8 peke yake, umewaficha.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, doa jeupe kwenye jino nalo ni uozo?*
Hapana, kwa vigezo vya WHO, ikiwa hakuna tundu wala ulaini. Ukiwa na shaka, andika jino ni zima.

*Mama wa miaka 50 alipoteza jino kwa kuanguka. Nalihesabu?*
Ndiyo. Kuanzia miaka 30, jino lililopotea huhesabiwa kwa sababu yoyote ile, maana wengi hawakumbuki chanzo. Kwa hiyo usiandike kwamba jumla ya wazee yote ni uozo. Ndani yake mna fizi na ajali pia.

*Na mwenye meno ya bandia?*
Mwombe kwa heshima ayatoe, umkague bila watu kumtazama. Hesabu meno yake mwenyewe tu, na uandike kama yanafika 20, kiwango kinachotumika kuonyesha kwamba mtu bado anatafuna vizuri.