Grafu ya mlinganyo: weka nukta tatu, si mbili

Wikendi huwa nafundisha hisabati watoto wa sekondari hapa Umoja, na kila muhula nakutana na kosa lile lile. Mtoto ameuelewa mlinganyo, lakini mstari wake unapita pasipo pake kwa sababu ya alama moja ya kutoa. Chonga penseli, chukua rula na karatasi ya grafu, tuchore y = 2x − 3.

Hatua ya 1: mihimili. Mstari wa kulala ni mhimili wa x, wa kusimama ni mhimili wa y. Vinapokatana ni (0, 0). Kulia na juu ni chanya. Kushoto na chini ni hasi. Namba ziandike kwenye mistari ya karatasi, si katikati ya miraba, na nafasi zilingane mpaka mwisho.

Hatua ya 2: kusoma nukta. Namba ya kwanza ni x, ya pili ni y. Hapa sikimbii, maana wengi hupotelea hapa. Chukulia Ikweta ndiyo mhimili wa x, na mstari wa Greenwich kule London ndio mhimili wa y. Nairobi iko kama nyuzi 36.8 mashariki na 1.3 kusini, kwa hiyo ni (36.8, −1.3): unakwenda kulia sana, kisha unashuka kidogo. Nanyuki, ambako Ikweta inapita, iko karibu kabisa na mhimili wa x, y yake ni kama 0. Lodwar iko juu ya mhimili, y yake ni chanya.

Sasa fungua ramani ya simu. Yenyewe itakuandikia −1.3 kwanza, halafu 36.8. Huo ni utaratibu wa ramani, na hisabati ina wake. Ukiichora (−1.3, 36.8) kwenye grafu yetu, Nairobi yote inatumbukia katika bahari ya Mediterania, karibu na Uhispania.

Hatua ya 3: jedwali. Chagua x tatu, na moja iwe hasi. Mimi nachukua −2, 0 na 3.

x = −2: 2 × −2 = −4, kisha −4 − 3 = −7
x = 0: 0 − 3 = −3
x = 3: 6 − 3 = 3

Ule mstari wa kwanza ndio unaoangusha watu. Wanafika −4, wanaona 3, wanaandika −1. Ukiziweka (−2, −1), (0, −3) na (3, 3), utapata umbo la V, na hapo unajua kuna namba imeharibika. Kwa nukta mbili peke yake usingejua, kwa sababu nukta mbili zozote, hata za makosa, rula itaziunganisha. Nukta ya tatu ndiyo shahidi wako.

Hatua ya 4: kuchora. Kwa kila nukta anzia (0, 0), tembea kulia au kushoto kwanza, ndipo upande au ushuke. Tia alama ndogo ya msalaba. Pitisha rula, vuta mstari uzidi nukta za mwisho, kisha uandike mlinganyo wake pembeni.

Tazama mstari wenyewe: unakata mhimili wa y kwenye −3, na kila ukienda kulia mraba 1, unapanda 2 (kama kila mraba ni 1). Hiyo 2 ndiyo mteremko. Vyote viwili vilikuwa wazi katika y = 2x − 3 tangu mwanzo.

Mlinganyo ukija kwa sura nyingine. Tuseme una shilingi 120 kibandani: andazi ni 10, kikombe cha chai ni 20. Andazi ziwe x, vikombe y: 10x + 20y = 120. Hapa jedwali refu la nini? Weka x = 0, unapata y = 6. Weka y = 0, unapata x = 12. Shahidi: x = 6, y = 3, yaani 60 + 60 = 120. Unganisha.

Mstari huu unashuka: kulia 2, chini 1. Kila kikombe unachoacha kinakupa maandazi mawili. Na usiuvushe nje ya mihimili, kwa sababu hakuna maandazi hasi.